Wahanga wa mafuriko wamejaa shuleni, misaada inaingia shaghalabaghala, naombeni mwongozo wakuu

Mwana_Pasua

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, nje ya mji huku tambarare upande wa mashamba ya mpunga na miwa, wanaopajua wanajua masika yakikolea maji yanashuka kutoka mlimani hata kama huku kwetu halijadondoka tone, mto unafurika usiku watu wamelala. Ndicho kilichotokea. Nyumba za udongo nyingi zimelala chini, za tofali za kuchoma zimesimama ila ndani tope mpaka magotini na magunia ya mahindi yameloa yote. Kaya kama 60 hivi, tuseme watu 300, wamehifadhiwa shule ya msingi yenye madarasa 8.

Sasa mimi sio kiongozi, ni katibu wa kikundi cha vijana wa kanisani tu, lakini kwa kuwa nina laptop na bando basi kila kitu kinaletwa kwangu. Namba yangu imerushwa kwenye magrupu ya wasap ya watu wa Moshi walioko Dar na wengine nje ya nchi, simu haipumziki. Misaada inakuja kweli sikatai, ila ni nguo nguo nguo. Darasa zima limejaa mitumba mpaka dirishani, mle ndani nimekuta shela la bibi harusi na kiatu cha skuna cha mguu mmoja, wakati huo huo wamama wanapikia kopo la rangi maana sufuria zimekwenda na maji. Unga upo viroba 20 vya kilo 25, nadhani kwa unga tuko vizuri. Jana wakaja watu na gari lao wakagawa wenyewe kwa kurusha kutoka juu, wenye nguvu wakapata mara mbili mbili, bibi mmoja kakanyagwa mguu umevimba. Mwenyekiti wa kitongoji ana orodha yake, kanisa lina yake, msikiti una yake, na hazifanani hata kidogo.

Mwenye uzoefu anisaidie, naanzia wapi? Na hizi hela wanazotuma kwenye laini yangu nifanyeje nazo, naanza kuogopa.

Mzee wa Sanawari

Pole sana kijana, na hongera maana wengine wangezima simu. Nimejitolea Msalaba Mwekundu huku Arusha miaka mingi, nitaandika kwa urefu kidogo univumilie.

Hiyo kazi isiwe yako peke yako. Kwa sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 zipo kamati kuanzia kijiji, kata, wilaya mpaka mkoa, na ya wilaya anaiongoza mkuu wa wilaya. Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa kata ukiwa na huyo mwenyekiti, mchungaji na imamu, mwambieni tunataka orodha moja. Ukienda peke yako utaambiwa unautaka udiwani, nakwambia.

Alafu simamisheni kugawa kwa nusu siku. Chakula cha kupikwa kiendelee ila vitu vingine fungeni mlango, mtapigiwa kelele, vumilieni. Usiandikishe mchana kwa foleni maana utaandika kijiji kizima na wageni wake, andikisha usiku saa tatu saa nne watu wameshalala, pita darasa kwa darasa na tochi uhesabu vichwa. Asubuhi yake pita kwenye nyumba zilizoanguka moja moja. Hapo ndio pana mtego. Orodha nyingi za wenyeviti zinaandika mwenye nyumba. Nyumba ina vyumba sita vya wapangaji, vibarua wa mashambani, imeanguka yote, anaandikwa baba mwenye nyumba ambaye pengine anaishi zake Majengo mjini na hajalowa hata soksi, wapangaji sita na watoto wao hawapo popote kwenye karatasi. Wengine wasioonekana ni waliokimbilia kwa ndugu. Hao shuleni hutawakuta, wako watu kumi na mbili chumba kimoja na mwenyeji wao naye unga umeshakata. Wote hao ni wahanga, andika.

Kila kaya iandikwe jina la mama au baba anayeisimamia, namba ya simu, watu wangapi, watoto umri gani, nani mjamzito, nani mzee, nani mlemavu, alikuwa mpangaji au mwenye nyumba, na sasa hivi analala wapi. Wape kadi yenye namba na mhuri wa kijiji, mtu akichukua kitu inasainiwa pale pale.

Sasa unga wako. Hesabu inayotumika sana kambini ni nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku, maharage gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi kidogo, ukiongeza mboga na uji ndio unaikaribia kalori 2,100. Watu 300 ni kilo 120 za unga kila siku. Viroba 20 ni kilo 500, siku nne na kidogo kwisha habari yake. Maharage kilo 18 kwa siku, umeyataja? Hujayataja. Maji ndio usiseme, lita 15 kwa mtu kwa siku kunywa kupika na kunawa, jumla lita 4,500, yaani simtank la lita 5,000 linakauka karibu lote kila siku. Vyoo kwa kuanzia tundu moja kwa watu 50, mkikaa zaidi mshuke mpaka watu 20. Kisima kilichomezwa na mafuriko msinywe hata kama maji yametakata, kipindupindu hakibishi hodi, mtafuteni afisa afya mapema awape dawa ya klorini na awaelekeze vipimo.

Na hilo darasa la mitumba litoeni mitumba. Mtu mmoja anatakiwa apate kama mita za mraba 3.5 za kulala, darasa la mita 7 kwa 9 linachukua watu 18. Nyie madarasa yamebaki 7 kwa watu 300, mmeweka watu kama 43 kila darasa halafu masweta yamelala peke yao kama wafalme.

Kamanda Njoro

Mzee umeongea madini ila hapo kwa kamati tutabishana. Tangu lini? Mimi siwezi kupeleka kiroba changu ofisini kikalale stoo mpaka kiingie wadudu huku watu wana njaa. Kagera 2016 lile tetemeko la Septemba, si watu walitumbuliwa kisa kufungua akaunti ya maafa yenye jina linalofanana na ile rasmi? Mimi changu natoa mkononi kwa mhanga mwenyewe nikimuona kwa macho, nikiondoka nimeondoka.

Mzee wa Sanawari

Kamanda hiyo ya Kagera ndio inanipa nguvu. Kijana asipokee hela kwenye laini yake, hata awe mtakatifu, kesho kutwa akinunua pikipiki ataulizwa. Hela ziende kwenye akaunti ambayo kamati imeikubali kwa maandishi, kutoa hela wasaini watu watatu, na kila jioni karatasi ibandikwe ukutani pale shuleni: leo zimeingia hizi, tumenunua hiki, risiti hii hapa. Zilizokwisha kuingia kwenye simu achapishe taarifa ya miamala yote abandike pia. Stoo nayo hivyo hivyo, daftari la kuingia na la kutoka, funguo mbili watu wawili tofauti.

Kuhusu mkononi, uliyemuona kwa macho ni yule aliyeweza kutembea akaja kwenye gari lako. Mwenye kiharusi aliyelala kule nyuma ulimuona? Njoo na kiroba chako, kishushe stoo, sainisha, ukitaka baki uone kinavyogawiwa, hakuna anayekufukuza.

Mama Neema_Ngarenaro

Wanaume mmehesabu unga mpaka gramu ila hakuna aliyeuliza wanawake wanalalaje 😏 Mimi ni nesi, naomba niongeze yangu.

Mdogo wangu Pasua, leo leo tenganisha madarasa, familia zenye watoto zikae pamoja, wanawake walio peke yao na mabinti wawe na darasa lao karibu na choo, na njia ya kwenda choo iwe na taa, hata zile za sola ndogo. Choo cha kike na cha kiume visichanganywe na viwe na komeo kwa ndani. Msichana akiogopa kwenda choo usiku hanywi maji mchana, hayo nimeyaona. Pedi, chupi mpya (mpya, sio mitumba), kanga, sabuni na beseni, hivyo ndio viombwe kwenye hayo magrupu yenu ya Dar. Nyie wanaume wanawake hawatawaomba hivyo vitu, watakaa kimya mpaka mwisho. Weka mama mmoja mtu mzima awe anagawa.

Maziwa ya kopo mkiletewa msigawe hovyo hovyo kwa wenye vichanga. Maji yenyewe ya mashaka, pa kuchemshia chupa hakuna, mtoto anaharisha na mama akishazoea kopo maziwa yake yanapungua. Mama anyonyeshe, na huyo mama ndiye apewe uji mara mbili na kona ya kukaa kwa utulivu. Mtoto asiye na mama huyo mpelekeni zahanati apangiwe.

Kuna jambo linasahaulika kila mara, dawa za kila siku. Kuna watu pale wa presha, sukari, kifafa, TB na wanaotumia ARV, dawa zimekwenda na maji pamoja na kadi ya kliniki. Hawatasema mbele za watu, na msiwaandike kwenye hiyo orodha ya ukutani tafadhali. Ombeni mhudumu wa zahanati aje akae chumba cha pembeni siku nzima kila mtu aingie mmoja mmoja kwa jambo lake, hapo mtashangaa wanavyojitokeza.

Na nani anapika? Kama ni wamama walewale waliopoteza nyumba ndio wanapikia watu 300 asubuhi mpaka usiku, watakwenda lini kutoa tope kwao? Pangeni zamu, kwaya, kikundi cha vikoba, madrasa, kila kundi na siku yake, na vijana wa kiume wapasue kuni.

Gurudumu_Katesh

Mimi kwetu Katesh ila nafanya kazi Arusha. Ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka na mawe na magogo kutoka Mlima Hanang nilikuwa huku, nikaenda nyumbani na lori la misaada. Nchi nzima ilikuja, viongozi, jeshi, makampuni, magari yamepanga mstari barabarani. Nawaambia ukweli, wiki za mwanzo vitu vilikuwepo. Ugumu ulikuja baadaye kamera zilipoondoka. Nyumba za serikali kule Waret zilijengwa zikakabidhiwa mwishoni mwa 2024, zipo na watu wanakaa, lakini hesabu mwenyewe hapo katikati ni mwaka mzima mtu anaishi wapi.

Kwa hiyo nyie msimalize kila kitu sasa hivi. Sisi ile ilikuwa Desemba likizo ipo mlangoni, nyie masika ni Machi mpaka Mei, shule iko katikati ya muhula, mwalimu mkuu atataka madarasa yake na ana haki. Anzeni kuuliza kaya moja moja: nyumba yako imesimama inahitaji kusafishwa tu? Huyo mpe koleo, toroli, ndoo, dawa ya kumwagia sakafu na vijana wa nguvu, wiki hii arudi kwake. Nyumba imeanguka ila una ndugu? Huyo na ndugu yake wapewe chakula na turubai. Mpangaji? Mlipie kodi miezi mitatu chumba sehemu ya juu, ni nafuu kuliko kumlisha kambini na anarudi kwenye kibarua chake. Wakibaki ambao hawana pa kwenda kabisa ndio watafutiwe mahema na uwanja, sio bondeni tena. Kambi itapungua nusu.

Na vitambulisho! NIDA, vyeti vya kuzaliwa, hati, vya watoto wa darasa la saba, andikeni nani kapoteza nini mtendaji atoe barua mapema.

Hiyo mitumba mimi ningeiuza.

Kamanda Njoro

Kuuza msaada?? Si ndio wizi wenyewe huo sasa, mnaanza hivyo hivyo.

Gurudumu_Katesh

Kamanda shela la bibi harusi nani atavaa kwenye tope. Kila mhanga achague kwanza anachotaka kwa kadi yake, kilichobaki kamati iandike muhtasari, ipige picha, itangaze kwenye magrupu kwa waliotoa, mtu asiyetaka cha kwake kiuzwe akifuate. Zinazobaki mfanyabiashara wa soko la mitumba la Memorial anapewa kwa jumla mbele ya mtendaji, hela inageuka sufuria. Wizi unaofanyika mchana na spika sijawahi kuuona.

Mwana_Pasua

Nimerudi wakuu, nimesoma yote. Mtendaji wa kata tumempata, kumbe naye alikuwa anatutafuta, kamati imekaa chini ya mwembe pale shuleni. Usiku tumehesabu vichwa: shuleni wako 241, sio 300, ila nyumba kwa nyumba tumekuta wengine zaidi ya mia kwa ndugu ambao hawapo kwenye orodha yoyote kati ya zile tatu, na wapangaji ni kama mzee alivyosema, nyumba moja tu imetoa kaya tano. Mwenyekiti kanuna kidogo ila kasaini. Miamala nimechapisha nimebandika, nimelala usingizi. Kwenye magrupu nimeandika kwa herufi kubwa HATUPOKEI NGUO TENA, tunataka sufuria, maharage, mafuta ya kula, pedi, koleo na turubai, mmoja kaniuliza kama blanketi ni nguo.

Mitumba kamati imekubali kuuza ila mtendaji anataka diwani awepo. Kamanda Njoro uko mjini, una kirikuu au unamjua mwenye kirikuu wa kutubebea Jumamosi mpaka Memorial? Mafuta tunaweka sisi, na utasimama pale pale uhesabu hela mwenyewe.

Kamanda Njoro

Ninayo. Saa ngapi?