DVD nilizotengeneza kutoka mikanda ya arusi ya 1994 hazitoi sauti, naomba ushauri

Mjukuu wa Pangani:
Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye ujuzi. Tuna mikanda mitano ya VHS ya arusi ya dada yetu mkubwa, iliyofanyika Pangani mwaka 1994, na kwa kuwa picha zake zimeanza kufifia niliamua kuihamishia kwenye DVD mwenyewe, nikitumia deki ya zamani ya mjomba, kile kifaa kidogo cha USB cha kunasia picha, na kompyuta yangu ya Windows. Picha zimetoka vizuri. Tatizo ni sauti: diski nne za kwanza zinasikika nikizicheza kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, lakini nikiziweka kwenye deki ya DVD ya mama ni kimya kitupu, ilhali filamu za kununua zinasikika humo humo. Diski ya tano haisikiki popote.

Hiyo ya tano ndiyo inayoniuma. Ndani yake marehemu bibi yetu, amejitanda kanga ya kisutu, anapewa maikrofoni, anaigonga mara mbili kwa kidole, kisha anamwusia bibi arusi kwa dakika saba nzima. Midomo inaonekana ikicheza, neno hata moja halisikiki, na hatuna mahali pengine palipohifadhiwa sauti yake. Nilipoifungua diski nilikuta folda ya AUDIO_TS iko tupu. Je, sauti imepotelea hapo?

Fundi wa Ngamiani:
Pole sana, ndugu. Kwanza ondoa wasiwasi kuhusu folda hiyo. AUDIO_TS iliwekwa kwa ajili ya diski za muziki za DVD-Audio, na kwenye diski ya video huwa tupu siku zote. Sauti yako imo ndani ya faili za VOB, pamoja na picha, katika folda ya VIDEO_TS.

Una matatizo mawili tofauti, usiyachanganye. Kwa diski nne za kwanza, waya na runinga havina kosa, maana filamu za kununua zinasikika. Cheza mojawapo kwa VLC, fungua taarifa za kodeki, yaani namna picha na sauti zilivyofungwa kwenye faili, kisha utuambie sauti imeandikwa ni ya aina gani na ni ya hezi (Hz) ngapi, yaani hupimwa mara ngapi kwa sekunde.

Mjukuu wa Pangani:
Ahsante. Imeandikwa MPEG, 44,100 Hz. Nakumbuka wakati wa kutengeneza diski nilichagua sauti inakiliwe ilivyo, bila kubadilishwa, ili kazi iishe upesi.

Fundi wa Ngamiani:
Basi ndipo penyewe. Kipimo cha 44,100 ni cha CD za muziki. Kwenye DVD ya video, sauti ya MPEG au ya AC-3 (aina nyingine ya sauti, iitwayo pia Dolby Digital) sharti iwe 48,000 Hz. VLC husoma karibu kila kitu bila kulalamika, lakini deki nyingi za sebuleni zikikuta kipimo kisichokubalika hunyamaza tu na kuendelea na picha. Huna haja ya kurudia mikanda hiyo minne. Chukua faili ulizonasa, uzipitishe kwenye programu ya bure kama FFmpeg, ukiacha picha ilivyo na kubadilisha sauti peke yake iwe AC-3, 48,000 Hz, kilobiti 192 kwa sekunde. Nachagua AC-3 badala ya MPEG kwa sababu deki zilizotengenezwa kwa nchi zenye mfumo wa runinga wa NTSC, kama Marekani, hazilazimiki kuisoma MPEG, na huenda mkawa na jamaa huko watakaotaka nakala. Kisha choma diski moja tu, uijaribu kwa mama kabla ya kuchoma nyingine.

Mtunza Mikanda:
Kuhusu mkanda wa tano, nakuomba usinase tena chochote kabla hujaunganisha deki ya mjomba moja kwa moja na runinga. Waya wa njano hubeba picha tu. Mweupe na mwekundu ndiyo ya sauti, na deki ya mono huwa na tundu moja la sauti. Bibi akisikika kwenye runinga, mkanda ni mzima na kosa liko kwenye kompyuta. Asiposikika, safisha kwa spiriti na pamba kile kichwa cha sauti kilichosimama pembeni, ila usiiguse ile ngoma inayozunguka kama hujafundishwa. Je, siku ile ulibadilisha chochote?

Mjukuu wa Pangani:
Nilikihamishia kifaa kwenye tundu jingine la USB, kwa kuwa la kwanza lilikuwa limelegea.

Mtunza Mikanda:
Mara nyingi Windows ikikiona kifaa kwenye tundu jipya hukihesabu kuwa kigeni, na programu ya kunasa ikabaki bila chanzo cha sauti. Kichague upya, kwa sababu picha na sauti huorodheshwa kama vitu viwili, kisha hakikisha mstari wa sauti unaruka kabla ya kubonyeza rekodi.

Mjukuu wa Pangani:
Ndugu zangu, ilikuwa hivyo hivyo. Sehemu ya sauti ilikuwa haijachaguliwa kitu. Jana usiku nimeunasa mkanda upya, nikaibadilisha sauti kama alivyoelekeza Fundi, na leo mchana nimeijaribu diski kwenye deki ya mama. Bibi aligonga maikrofoni mara mbili, na kila gongo lilisikika, kisha akauliza, "Je, nasikika?" Mama akaijibu runinga, "Unasikika, mama." Zile nne nyingine nitazirudia kesho.