Huyu aliyesema "anza na cha mwisho" ana roho ya namna gani?

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule yule bingwa wa kila kitu, kuanzia gia za Fuso mpaka opera za Wagner. Leo dada wa watu kauliza kwa adabu zake: "Nataka kuanza Inspekta Morse, nichukue kipi kati ya zile riwaya 13 za Colin Dexter?" Jamaa akajibu bila hata salamu: "Anza na cha mwisho, ndicho kitamu."

CHA MWISHO.

Cha mwisho ni cha 1999. Morse, mpelelezi mwenyewe, anakufa mle! Hajadumbukia maporomoko kama Sherlock Holmes ili arudi toleo lijalo. Moyo umegoma, kwisha, na Dexter hakuandika riwaya nyingine yake. Ni sawa na kumpeleka mtu kwenye arobaini ya marehemu ndipo umtambulishe kwake.

Na yale maradhi hayakuja ghafla. Kitabu cha 1989 kalazwa, vidonda vya tumbo vinavuja damu, anapekua mauaji ya 1859 akiwa kitandani. Cha 1996 anaambiwa ana kisukari, na bia haziachi. Ukiingilia 1999 unakuta mzee mgonjwa mwenye kisirani, huelewi Sajenti Lewis, msaidizi wake, anamvumilia kwa lipi. Halafu jina lake la kwanza! Limefichwa miaka na miaka mpaka mwisho wa kitabu cha 12. Wewe unamwambia mgeni aanze na cha 13. "Ndicho kitamu." Kitamu!

Dada, kama bado upo: anza na cha 1975, binti aliyekuwa akingoja basi la Woodstock, ndipo Morse na Lewis wanapokutanishwa. Kikikulemea, rukia cha 1977, cha kiziwi wa bodi ya mitihani anayesoma midomo. Jiangalie kwenye kioo ukitamka pata, bata, mata bila sauti. Midomo inafanana kabisa. Hapo ndipo kesi ilipojificha.

Anza na cha mwisho. Mimi naomba mods wampe likizo hata ya wiki.

Kaka Fumbo: Kwani anakufa?? Nilikuwa cha sita.

Mtaa wa Kati: 😂😂 Uzi wa kulaani mwaga-ubuyu, nao umemwaga kifo, kisukari, vidonda vya tumbo, na ufunguo wa cha 1977 juu. Yule mkuu alisema maneno sita tu.

Shangazi Lulu: Punguza povu mwanangu. Televisheni yenyewe Januari 1987 ilifungua na kitabu cha tano, cha 1981, na dunia haikupasuka.

Mleta uzi: Shangazi, kwa heshima zote, cha tano si CHA MWISHO.

Mzee wa Jaguar: Mmegusa televisheni, sasa nisikilizeni. Kwenye vitabu vya mwanzo Morse anaendesha Lancia. John Thaw, aliyemwigiza Morse kwenye televisheni, akapewa Jaguar Mark 2 nyekundu, basi matoleo ya baadaye yakabadilishwa, Lancia ikafutwa! Mwenye nakala kuukuu atunze. Hilo ndilo la kulilia, si huyo aliyekosea kuhesabu.

Kaka Fumbo: Na Lewis je? Kitabuni ni Mwelshi mtu mzima, kwenye skrini kijana wa kaskazini mwa Uingereza.

Bi Penseli: Hapo pa Lewis msinichokoze. Kile cha 1989, Morse hatoki hospitali, Lewis ndiye miguu yake. Walipokipeleka kwenye televisheni 1998, Lewis HAYUMO. Kawekwa askari mwingine. Kesi ya kuchunguzwa kitandani bila mtu wa kutumwa!

Mtaa wa Kati: Bi Penseli fungua uzi wako, huu ni wa marehemu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu amesema ANZA NA CHA MWI

Mzee wa Jaguar: Ile muziki wa mwanzo wa televisheni mnajua inapiga nukta na mistari, zile alama za simu ya Morse? Mtunzi wake, Pheloung, kaificha M, O, R, S, E humo. M ni mistari miwili, O mitatu, R nukta-mstari-nukta, S nukta tatu, E nukta moja.

Kaka Fumbo: Nimesikiliza. Ya kweli. Nasikia vipindi vingine aliingiza na jina la muuaji.

Shangazi Lulu: Haya, na huyo naye kamwaga.

Bi Penseli: Mbona hamsemi kuhusu bia? Morse bosi, mshahara wa inspekta mkuu, baa wanaingia pamoja, pochi inatoka ya sajenti mwenye watoto. Vitabu 13!

Mtaa wa Kati: Bosi wa hivyo kila ofisi yupo.

Shangazi Lulu: Afadhali Dalgliesh, mpelelezi wa P. D. James, anaandika mashairi na bili analipa mwenyewe.

Mzee wa Jaguar: Shangazi, usituletee washairi hapa.

Dada Mgeni: Samahani wapendwa, nimeshaanza na cha mwisho. Ni kitamu kweli. Sasa nifuate kipi?