Maduka ya dawa Marekani yaache kuweka homiopathia shelfu moja na dawa za watoto

Wakuu, uzi huu ni kwa wazazi wenzetu walioko Marekani, na kwa walioko nyumbani ambao kila ndugu akija wanamwagiza dawa za watoto za huko. Nimekasirika, na nikimaliza kueleza nadhani wengi mtakasirika pia.

Ingia CVS, Walgreens, au upande wa dawa ndani ya Walmart, uende shelfu ya mafua na kikohozi cha watoto. Kuna boksi la dawa halisi, kiambato chake kimepimwa kwa miligramu na kazi yake mwilini inajulikana. Limepakana na boksi la homiopathia, yaani "tiba" ya vitu vilivyozimuliwa mpaka mara nyingi visibaki, nitaieleza chini. Ukubwa ni uleule, sirinji ya kunyweshea ipo, picha ya mtoto ipo, bei zinakaribiana. Ukiyageuza, yote mawili yana lile jedwali la "Drug Facts". Hakuna kibao wala mpaka unaokuonyesha kwamba moja ni dawa na jingine ni sukari au maji. Mfamasia amesimama hatua chache tu nyuma ya kaunta, na anajua vizuri kilichomo.

Mzazi ananasa hapa: tangu 2008 watengenezaji wa dawa za kawaida za kikohozi na mafua wanaandika kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka 4. Onyo hilo ni la haki, dawa zile hazimsaidii mtoto mdogo na zinaweza kumdhuru. Sasa mzazi ana mtoto wa miezi 14 anayekohoa usiku kucha. Anasoma boksi la kwanza, limekataza. La pili, limekataza. La tatu limeandikwa ni la watoto wachanga, ni "asilia", halina kemikali. Analichukua na kwenda kulipa, tena anaona amepata iliyo salama zaidi. Onyo lililowekwa kumlinda mwanawe ndilo lililomfikisha kwenye boksi lisilo na dawa, kwa sababu tu duka limeliweka pale.

Na watu wetu wengi wakisikia "asilia" wanafikiria mitishamba. Wakuu, hii si mitishamba. Ukichemsha mwarobaini unapata maji yenye vitu vya mwarobaini ndani yake. Unaweza kubishana vinasaidia nini, lakini vipo. Homiopathia kazi yake ni kuzimua mpaka kitu kiishe. Chukua sehemu 1 ya kitu, weka sehemu 9 za maji au pombe, tikisa: hiyo ni 1X. Sehemu 1 kwa 99 ni 1C. Kutoka hiyo 1C unachota sehemu 1, unaweka tena 99, unatikisa, umepata 2C, na kuendelea. Ukifika 6C umebaki na sehemu 1 ndani ya trilioni. Ukifika 12C, hata kama ulianza na moli nzima ya kitu chenyewe (hapo ni molekuli kama 6 na sufuri 23 mbele yake), unabahatisha kama imebaki molekuli moja au hakuna. Vidonge vingi sokoni ni 30C, yaani sehemu 1 ndani ya namba ya 1 yenye sufuri 60. Hapo hakuna kitu tena. Kinachobaki ni tone la maji lililodondoshewa punje za sukari, likakauka.

Mfano mnaoukuta kila msimu wa mafua ni Oscillococcinum ya kampuni ya Boiron ya Ufaransa. Boksi linasema 200CK, kiambato ni ini na moyo wa bata. Hiyo K ni njia ya Korsakov: chombo ni kimoja tu, kinamwagwa, kile kilichonata kwenye kuta kinahesabiwa kuwa ndiyo sehemu 1 ya 100, kinajazwa maji, kinatikiswa, kinamwagwa tena, mara 200. Halafu soma viambato vingine: kila kichupa chembamba cha gramu 1 kina gramu 0.85 za sukrosi na 0.15 za laktosi. Jumlisha mwenyewe. Ni gramu 1 kamili ya sukari. Kwa nini bata? Daktari Mfaransa Joseph Roy, kwenye mlipuko wa homa ya mafua miaka zaidi ya 100 iliyopita, alidhani ameona kwenye hadubini bakteria wanaochezacheza ndani ya damu ya wagonjwa, baadaye akasema amewaona kwenye ini la bata pia. Hakuna mwingine aliyewahi kuwathibitisha, na homa ya mafua inaletwa na virusi ambavyo hadubini za wakati ule hazikuweza kuvionyesha. Hiyo ndiyo asili ya boksi linalopangwa jirani na dawa ya homa.

Najua kuna atakayekuja kusema "basi kama haina kitu haina madhara, mwacheni mtu anywe sukari yake". Hapana. Kwanza, zile zenye namba ndogo zina kitu. 1X ni sehemu 1 kwa 10, na 2X ni sehemu 1 kwa 100, hicho ni kipimo cha kweli kabisa. Zicam, jeli ya mafua ya kupaka puani, ilikuwa na zinki ya 2X, ikauzwa kama homiopathia, na Juni 2009 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwaambia watu waache kuitumia baada ya kupokea taarifa zaidi ya 130 za watu waliopoteza uwezo wa kunusa. Wengine haukurudi.

Pili, kuzimua kwenyewe kunafanywa ovyo kiwandani. Vidonge vya kuotea meno vya Hyland's vilikuwa na beladona, mmea wenye sumu ya atropini. Viliondolewa sokoni 2010, vikatengenezwa upya, vikarudi. Septemba 2016 FDA ikatoa onyo tena, safari hii kuhusu vidonge na jeli za homiopathia za kuotea meno kwa jumla, na Oktoba ikasema ina taarifa zaidi ya 400 za watoto walioathirika, zikiwemo za degedege, na vifo 10 ambavyo ilikuwa ikivichunguza bila kuthibitisha kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha. Januari 2017 maabara yake ikakuta beladona hailingani kidonge kwa kidonge, vingine vikiwa na kiasi kinachozidi mbali kile cha lebo. Aprili 2017 vikaondolewa. Miaka yote hiyo vilikuwa vinauzwa kwa ajili ya vichanga wenye miezi michache. Kama kuna mwenye vidonge vya zamani kabatini, tupeni. Dalili za beladona kwa mtoto ni uso kuwa mwekundu, mboni kupanuka, kinywa kukauka, kushindwa kukojoa au kupata choo, usingizi mzito usio wa kawaida, udhaifu wa misuli, degedege. Ukiziona huko Marekani piga Poison Control, 1-800-222-1222, wakati wowote. Mtoto akipata degedege au akipumua kwa shida piga 911 moja kwa moja.

Tatu, matone ya macho. Jicho halina ulinzi kama tumbo, ndiyo maana tone lolote la jicho lazima liwe safi kabisa bila kijidudu. Septemba 2023 FDA ilipeleka barua za onyo kwa kampuni 8 kuhusu matone ya macho yasiyoidhinishwa, Boiron na Similasan zikiwemo, na CVS na Walgreens wenyewe wakiwemo. Kwa hiyo duka haliwezi kujitetea kwamba linapanga tu bidhaa za watu.

Sheria iliachaje mlango wazi? Mwaka 1938 sheria ya chakula na dawa ilisukumwa na seneta Royal Copeland wa New York, ambaye alikuwa daktari wa homiopathia, na kitabu cha viambato vya homiopathia kikatambuliwa ndani ya sheria. Mwaka 1962 Bunge lilitaka dawa zithibitishwe kwamba zinafanya kazi, lakini FDA ilipoanza kuzipitia dawa za dukani 1972, homiopathia iliwekwa kando ishughulikiwe baadaye. Mwaka 1988 FDA ikatoa mwongozo wa kuziacha ziuzwe bila kibali. Mwongozo huo ulifutwa 2019, na ule wa Desemba 2022 unasema watashughulikia kwanza zile zenye hatari kubwa. Mpaka ninapoandika hakuna hata bidhaa moja ya homiopathia iliyoidhinishwa na FDA.

Wapo walioona tatizo lilelile ninalolisema. Shirika la Center for Inquiry liliishtaki CVS 2018 na Walmart 2019, hoja ikiwa kwamba kuzipanga pamoja na dawa ni sawa na kumwambia mteja zinafanya kazi sawa. Mahakama ya chini ilitupa kesi, lakini 2022 mahakama ya rufaa ya Washington ilizirudisha. Uingereza nako, mwaka 2009, mwakilishi wa maduka ya dawa ya Boots aliulizwa na kamati ya Bunge kama bidhaa hizi zinafanya kazi, akajibu hana ushahidi wa kuonyesha hivyo, ila wateja wanazitaka. Wateja wanazitaka kwa sababu wamezikuta famasi! Ufaransa, nchi ya Boiron yenyewe, iliacha kurudisha pesa za homiopathia kupitia bima ya taifa tangu Januari 1, 2021.

Linaloniumiza zaidi ni malaria. Homiopathia nzima ilianza pale Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani, alipokula gome la mti wa kwinini akajihisi ana homa, akahitimisha kwamba kinachokupa dalili ndicho kinachoziponya. Gome lile lina kwinini, na kwinini inaua vimelea vya malaria. Inaponya kwa sababu ipo, kwa kipimo cha kutosha. Lakini mwaka 2006 uchunguzi wa Newsnight ya BBC na shirika la Sense About Science ulikuta kliniki za London zikiwapa wasafiri wa Afrika homiopathia ya kuzuia malaria. Mwaka 2009 WHO ilisema wazi isitumike kwa malaria, kifua kikuu, VVU wala kuhara kwa watoto. Mtoto aliyezaliwa Minnesota akija likizo Kigoma hana kinga yoyote ya malaria, na mzazi aliyekaa nje miaka mingi yake imepungua sana. Atovakwoni na proguanili huanza siku 1 au 2 kabla ya safari, kila siku, mpaka siku 7 baada ya kurudi. Doksisaikilini (si kwa watoto wa chini ya miaka 8) huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Zote ni za cheti cha daktari, na hazipo kwenye shelfu ya mbele.

Kuitambua homiopathia: geuza boksi, soma "Active ingredients". Ukiona majina ya Kilatini kama Nux vomica, Pulsatilla, Arsenicum album, Apis mellifica, yakifuatwa na namba yenye X au C, au herufi HPUS (kifupi cha kile kitabu cha viambato vya homiopathia), rudisha. Tafuta pia kinyota kinachokupeleka kwenye maandishi madogo chini yanayosema madai hayo hayatokani na ushahidi wa kitabibu. Sharubati ya asali tu yenye jedwali la "Supplement Facts" ni kitu kingine, usiichanganye humu.

Badala yake, mtoto aliyezidi mwaka mmoja akikohoa mpe asali, mililita 2.5 mpaka 5. Chini ya mwaka usimpe kabisa, kuna hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Pua iliyoziba, matone ya maji ya chumvi na kufyonza. Homa, parasetamoli ya miligramu 160 kwa mililita 5: mtoto wa kilo 10 hupata mililita 3.75 kwa sirinji ya boksi, si kwa kijiko cha chai, usirudie kabla ya kupita muda wa saa 4 tangu dozi iliyotangulia, na zisizidi dozi 5 kwa siku. Chini ya miaka 2 uliza daktari kwanza. Chini ya miezi 3 akifika joto la 38, usinunue kitu, nenda hospitali. Meno, sugua ufizi kwa kidole safi au mpe pete iliyopoa kwenye friji, isiwe imeganda. Jeli zenye benzokaini hapana kwa chini ya miaka 2.

Ninachodai kwa maduka ni kidogo: ziondoeni kwenye shelfu za dawa, zipelekeni zinakouzwa peremende, na muweke kibao kinachosema hazijathibitishwa. Wafamasia mlioko humu na mnaofanya kazi huko, semeni mnazuiwa na nani kumwambia mteja akishika boksi lile. Na mwenye boksi nyumbani asiyelielewa aandike viambato hapa chini, pamoja na namba na herufi zake, tuvipitie kimoja kimoja.