Mjadala: Kumvisha mtu kilemba ili apigwe picha, ni sanaa au ni kilemba cha ukoka?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Kazi yangu ni kupiga picha za watu. Studio niliyoanzia ilikuwa na sanduku la vitambaa, na ndani yake kilemba kilichoshonwa tayari, unakivaa kama kofia. Mteja akitaka "sura ya Mashariki" alivishwa hicho, kikabanwa kwa pini kisogoni, tukapiga. Miaka yote hiyo sikuona ubaya.

Siku moja akaja mzee wa Kisingasinga, anataka picha ya ukumbusho. Alijitazama kwenye kioo, akaona mkunjo mmoja umepinda juu ya sikio la kushoto. Mimi hata sikuuona. Akaomba chumba cha ndani, akakifungua chote, akabaki na kitambaa kidogo cha chini kinachofunika nywele. Kisha akaniita nimshikie ncha. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, tukakivuta na kukikunja kwa urefu, yeye akaibana ncha yake kwa meno na kuanza kuzungusha, mkono mmoja unapanga, mwingine unakaza. Kitambaa cha mita tano hivi kiliishia kichwani mwake bila pini hata moja. Alipokaa mbele ya kamera alikuwa ameshanyooka mabega kabla sijamwambia. Tangu hapo lile sanduku linanikera.

Hoja yangu ni hii: wachoraji wamekitumia kilemba kufuta jina la mtu. Mchoraji Gentile Bellini alitumwa kutoka Venice kwenda Istanbul mwaka 1479, na picha aliyomchora Sultani Mehmet wa Pili ina tarehe ya Novemba 1480. Pale kilemba ni cha mwenyewe na jina lipo. Njoo Uholanzi ya karne ya 17. Huko kulikuwa na picha zilizoitwa tronie, yaani sura tu, si ya mtu fulani, na kilemba kilipendwa sana humo. Yule binti aliyechorwa na Vermeer mwaka 1665 hivi, mwenye hereni ya lulu, hatumjui ni nani. Picha hiyo iliwahi hata kuitwa "Msichana Mwenye Kilemba". Kitambaa kimekaa mahali pa jina lake. Kwangu mimi huko ni kumvisha mtu kilemba cha ukoka: tunamsifia uzuri, yeye mwenyewe hatumtaki.

Mchoraji

Ndugu mleta mada, mzee wako nimempenda, lakini hoja yako inavuja. Jan van Eyck alichora mwanamume mwenye nguo nyekundu kichwani mwaka 1433, na wengi wanaamini ni yeye mwenyewe. Watu hukiita kilemba, kumbe ni kofia ya nguo iliyovaliwa huko huko kwao, ncha zake zimefungwa juu. Na Rembrandt mwaka 1661 alijichora kama Mtume Paulo, kilemba cheupe kichwani, pua yake ile ile nene, uso umechoka. Jina la nani limefutwa hapo?

Halafu kuna ufundi. Ukitaka kujua mwanga unavyotembea, chora kitambaa kilichozungushwa. Kila mkunjo una ukingo unaong'aa, tumbo la kijivu, na shimo la kivuli. Nimemkalisha rafiki yangu na shuka kichwani mara nyingi kwa sababu hiyo tu. Ukinikataza, umeninyima darasa.

Msomaji Singasinga

Mimi kilemba nakivaa kila siku. Vermeer hanisumbui. Kinachoniuma ni cha juzi juzi. Mwaka 2018 kampuni ya mitindo ya Gucci waliwapitisha wanamitindo jukwaani Milan na vilemba kama vyetu, na 2019 kimoja kikauzwa Marekani dola 790, kimeshonwa tayari kama hicho cha sandukuni kwenu. Nywele zisizokatwa ni sehemu ya ahadi ya Khalsa, jumuiya ya Masingasinga waliokula kiapo cha dini, tangu Guru Gobind Singh alipoianzisha mwaka 1699, na kilemba ndicho kinachozitunza. Balbir Singh Sodhi aliuawa Mesa, Arizona, tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa kuwa muuaji aliona kilemba na ndevu akadhani amepata adui. Mwanamitindo anakivua taa zikizimwa. Sisi tunatoka nacho barabarani.

Mpiga picha mwenzenu

Kaka Singasinga, pole, na asante kwa kulisema. Mimi naongeza jambo moja tu. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, na alikuwa na suti, saa, redio, hata pikipiki ya kuwaazima wateja. Kuazima hakukuwaharibia heshima, kwa sababu mteja ndiye aliyechagua aonekaneje, na picha alikwenda nayo nyumbani. Wanawake wengi walikaa mbele yake na vilemba walivyojifunga wenyewe. Majina yao mengi hatunayo, lakini ukiwatazama huoni mtu aliyevishwa. Kwa hiyo mleta mada, suala la jina peke yake halitoshi. Uliza nani amechagua.

Na kwa wanaoanza: kilemba cheupe kinaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama gizani. Pima mwanga usoni, si kwenye kitambaa. Nimeona picha nyingi ambamo kilemba kinang'aa na mwenye kilemba haonekani.

Mleta mada

Dada, umenisogeza. Nakubali jina si kipimo pekee, na kwa Rembrandt nimeshindwa. Kile kilichoshonwa nimekitoa sandukuni. Vitambaa virefu nimeviacha, na kioo nimekishusha hadi usawa wa mtu aliyekaa. Anayetaka kilemba anajifunga mwenyewe, asiyejua kufunga apigwe kichwa wazi.

Kwa Mchoraji bado sijatosheka. Darasa la mikunjo silikatai. Lakini siku picha ya rafiki yako itakapotundikwa ukutani, naye akasimama mbele yake akauliza inaitwaje, utamwambia nini?