Mjadala: Je, Bendi ya Stanford Ibadili Nyimbo Zake?

Ndugu wachangiaji, naomba tuijadili bendi ya matarumbeta ya Chuo Kikuu cha Stanford, kule California, ambayo tangu Arthur Barnes alipoanza kuiongoza mwaka 1963, na maamuzi mengi yakaachwa mikononi mwa wanafunzi, imelipa kisogo gwaride la kijeshi. Wanabendi hao, wenye makoti mekundu na kofia nyeupe, hawapigi hatua kwa mstari. Hutawanyika mbio uwanjani, kisha hujipanga upya katika umbo jingine. Wapo wanaodai kwamba nyimbo zake, nyingi zikiwa za roki ya zamani, ndizo utambulisho wake na hazifai kuguswa.

Mimi nasema ziguswe. Roki ilipopokewa na bendi hiyo ilikuwa muziki wa vijana wa wakati ule, tena ilizisukuma kando mashi, yaani nyimbo za gwaride, za wazee wao. Anayeigandisha leo kwa jina la mila anazihifadhi nyimbo huku akiipoteza mila yenyewe, ambayo ni wanafunzi kujichagulia. "All Right Now", wimbo wa mwaka 1970 wa kundi la Free la Uingereza, ubaki, kwa kuwa umekwisha kuwa wimbo wa jukwaa zima. Sioni sababu ya mingine kupewa kinga hiyo hiyo.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu ni ya kiufundi. Roki ya gitaa ina vipande vifupi vinavyojirudia, ambavyo tromboni, tarumbeta refu la kuvuta, huvibeba vizuri na vikasikika hadi viti vya juu, ilhali nyimbo nyingi za sasa hutegemea besi nzito na maneno yanayotamkwa karibu kwa sauti moja, jambo ambalo likipigwa na tarumbeta peke yake huchosha masikio upesi. Hata hivyo, bendi ya chuo kikuu cha Southern University cha Louisiana, iitwayo Human Jukebox, imejijengea jina kwa kupiga nyimbo zinazovuma redioni: susafoni, yaani matarumbeta makubwa ya sauti nzito, zikishika besi na ngoma zikabeba mdundo wa maneno, tarumbeta husubiri kiitikio. Ni kazi ya mpangaji wa muziki, na kazi hiyo haifanyiki kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo nawauliza wanaopinga: mwanafunzi aliyejiunga mwaka huu akileta wimbo wa rika lake, ukiwa umepangwa vyema kwa matarumbeta, mtamkatalia kwa kigezo gani?