Nimepewa MSALA na njumu bado ziko miguuni! Huyu bwana ana haya kweli?

Namba8_Maisara:
Wana jamvi, msinambie nitulie, sitaki kutulia. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule anayekwenda na filimbi shingoni mpaka harusini. Leo jioni Maisara kanifanyia kitu ambacho hata adui hakufanyii.

Tumemaliza mazoezi, mie natweta kidogo (kidogo!), njumu zimejaa mchanga. Akapiga filimbi, akakusanya dunia nzima: wachezaji, watazamaji, muuza juisi ya miwa, na mkwe wangu, ambaye tangu amuoe mwanangu hajawahi kutia mguu uwanjani, leo ndiyo kaja. Akasema, "Kamati imeanza mpango wa kutafuta viungo wapya, wazee wetu hawa wawili tunawashukuru." Halafu akatoa kwenye kikapu MSALA. Mpya, una picha ya Alkaaba, na karatasi ya bei bado imebandikwa.

Msala, jamani! Ukiukataa umekataa sala, ukiupokea umestaafu. Mtego gani huu?

Mwenzangu wa namba sita, niliyeanza naye tangu tuko skuli, kaupokea wake, kaubusu, kasema alhamdulillah. Msaliti. Mkwe wangu kapiga makofi. KAPIGA MAKOFI.

Na waliopewa nafasi zetu ni vitoto viwili vya skuli, kimoja mguu wa kushoto kinautumia kusimamia tu, kazi yake kunyoa kishungi kama jogoo. Modrić kazaliwa 1985, Real Madrid wameachana naye 2025, Milan wakamchukua. Kuna mtu kampa msala? Mie nina miaka 39 tu, nimekosa nini?

Na karatasi ya bei ilikuwepo. Nishasema? Nasema tena.

MtuWaNgambo:
Siti ya mbele nishakamata, kahawa na kashata ziko hapa. Swali moja tu mkuu: miaka 39 na una mkwe? Bibi harusi alitokea chekechea?

Namba8_Maisara:
Umri wangu si mada. Mada ni msala.

KipaMstaafu:
Mie nilikuwepo. Hukuwa ukitweta kidogo. Mtoto alitumwa maji, akenda, akarudi, akakukuta bado unarudi kukaba.

BaridiYaToronto:
Msicheke. Huku kuna kisa hichi hichi kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Timu ya Pittsburgh Penguins miaka yote wamewategemea masenta wawili, yaani wachezaji wa kati kama nyie viungo, Sidney Crosby wa 1987 na Evgeni Malkin wa 1986. Wakawaletea Kombe la Stanley 2009, 2016 na 2017. Sasa kila mtu anajua lazima watafutwe wengine, lakini senta wa namna ile humwokoti Darajani. Malkin alichaguliwa wa pili 2004, Crosby wa kwanza 2005 kwa bahati nasibu, baada ya timu kuwa mbovu kupita kiasi. Huko mbovu ndiye anayetangulizwa kuchagua vijana. Yaani ukitaka masenta wapya, kubali kwanza kufungwa.

KipaMstaafu:
Basi sie mpango huo tumeuanza zamani. Tunafungwa kila wiki.

Namba8_Maisara:
Ahsante Toronto, angalau mmoja kaelewa. Crosby kapewa msala?

BaridiYaToronto:
Crosby ana makombe matatu, mkuu. Wewe una nini?

MpembaWaWete:
Yakhe, barafu sie ni ya kuwekea samaki. Ila mpira wa magongo msiudharau, Tanzania ilikwenda nao Olimpiki ya Moscow 1980, ikawa ya sita. Timu zilikuwa sita. Mleta uzi angefaa sana kikosi kile.

MtuWaNgambo:
😂😂 Na umri ungemruhusu.

BintiMalindi:
Samahanini kaka zangu, huyo wa filimbi si ndiye aliyekuja kwangu kuazima sufuria la pilau la bonanza? Kama ndiye, mwambieni nalitaka. La pishi tatu, na mfuniko wake. Kila nikiuliza naambiwa Ijumaa.

MtuWaNgambo:
Kumbe tuko wengi! Ngazi yangu je? Aliazima eti akafunge nyavu za goli. Nendeni mkatazame, goli lenyewe halina nyavu.

MpembaWaWete:
Sie alikuja Wete na timu yake, tukawaazima mipira ya kupashia. Asubuhi tunaamka, wao wako kwenye boti, mipira nayo iko kwenye boti.

Namba8_Maisara:
Jamani, tulikuwa kwenye msala. Mbele ya mkwe wangu!

BintiMalindi:
Kaka, wewe msala unao mkononi. Mie sufuria sinalo.

KipaMstaafu:
Dada, sufuria liko kwa katibu. Nililiona Jumamosi.

BintiMalindi:
Katibu? Kwake kuna shughuli gani ya pishi tatu?

KipaMstaafu:
Hakuna shughuli. Wanakorogea chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja.

MtuWaNgambo:
Inna lillahi.

BintiMalindi:
CHOKAA?! Huyo katibu anakaa mtaa gani? Nivae buibui nije sasa hivi, na mtu asimwambie.