Tupeane uzoefu: kuchubua uso kwa asidi

Ndugu zangu, naomba waliowahi kupakwa asidi usoni watusimulie yaliyowakuta. Wengi wakisikia kuchubua hufikiria mkorogo, ilhali hapa nazungumzia dawa inayobandua tabaka la juu la ngozi ili jipya liote.

Naanza mwenyewe. Chunusi ziliniachia madoa meusi mashavuni, na daktari wa ngozi huku Moshi akanipaka asidi ya salisiliki ya asilimia 20, mara nne, kila baada ya wiki tatu. Kabla ya hapo aliniuliza kama nina mimba, kama huwa natokwa na malengelenge mdomoni na kama natumia mkorogo, kwa sababu ngozi iliyokwisha kukondeshwa na krimu zenye steroidi huungua upesi. Kisha akanisimamishia krimu ya tretinoini, dawa ya chunusi niliyokuwa nikijipaka, kwa wiki nzima. Dawa iliwasha kama pilipili kwa dakika chache, ikakauka na kuacha ungaunga mweupe, na siku ya tatu ngozi ikaanza kubanduka pembeni mwa pua. Madoa yamefifia sana. Mashimo ya chunusi yapo vilevile, na daktari alinionya mapema kwamba asidi nyepesi haiyafikii.

*Mchangiaji, Dar es Salaam:*
Yangu ni majuto. Saluni moja ilinipaka asidi ya TCA (trikloroasetiki, ambayo huweza kuwa kali kuliko salisiliki) kutoka kwenye chupa isiyoandikwa asilimia, uso ukageuka mweupe kama uliopakwa chokaa, ukafanya magaga. Nilirudi kazini juani bila kinga yoyote, na yalipobanduka nikabaki na doa jeusi kuliko lile nililokwenda kuliondoa. Limedumu miezi minane. Baadaye nilielezwa kwamba ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa huzalisha rangi kwa wingi.

*Mchangiaji, Mombasa:*
Pole sana, dada. Mimi daktari alikataa kabisa kunipaka asidi inayopenya ndani, kwa kuwa kidonda kidogo tu hunivimbia kovu la keloidi. Nilikasirika siku ile, lakini leo namshukuru.

*Mwanzisha mada:*
Dada wa Dar, pole, na ahsante kwa kutueleza waziwazi. Nilisahau kutaja kwamba mafuta ya kukinga jua niliyapaka kila asubuhi, hata siku za mawingu. Je, kuna aliyepakwa fenoli, ile dawa kali ya kuchubua inayopenya ndani zaidi? Hiyo huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo ningependa kujua kama mliwekewa kipimo cha moyo.